Je, Wajua? Imani, Shaka na Swali la Kuwapo kwa Mungu

Je, wajua kwamba Wakristo wa mwanzo walishtakiwa kwa kosa la kukana miungu? Dola ya Rumi ilikuwa na miungu yake, yenye mahekalu na sikukuu zake, na mtu aliyekataa kuitolea sadaka alihesabiwa kuwa mkanamungu. Katikati ya karne ya 2, mzee Polikarpo, askofu wa Smirna, mji ambao leo unaitwa Izmir nchini Uturuki, aliletwa uwanjani mbele ya liwali akaamriwa awalaani wakanamungu, yaani Wakristo wenzake. Mzee akautazama umati uliokuja kumwona akifa, akaunyoshea mkono, akayatamka maneno aliyoamriwa huku akiwalenga wao. Aliuawa siku hiyo hiyo. Kwa hiyo mtu anaposemwa kuwa haamini, ni haki kuuliza kwanza ni mungu yupi anayemkataa.

Wajua kwamba Sokrates naye alinyweshwa sumu mjini Athens, mwaka 399 kabla ya Kristo, kwa mashtaka ya kutoitambua miungu ya mji na kuleta mingine mipya?

Na wajua kwamba shaka imo hata ndani ya nyimbo za ibada? Katika Rig Veda, mkusanyo wa tenzi takatifu za Wahindu wenye umri wa zaidi ya miaka 3,000, kuna utenzi unaouliza ulimwengu ulitoka wapi. Unalizunguka swali hilo kwa unyenyekevu mkubwa, kisha unaishia kwa kusema kwamba huenda hata yeye aliye juu kabisa hajui. Makuhani hawakuufuta. Waliukariri kwa moyo na kuwarithisha wana wao, kizazi baada ya kizazi.

Je, wajua kwamba ndani ya Kurani ni Nabii Ibrahimu, baba wa imani, anayemwomba Mwenyezi Mungu amwonyeshe namna anavyofufua wafu? Kisa kimo katika sura ya Al-Baqara, aya ya 260. Anaulizwa kama haamini. Anajibu kwamba anaamini, ila anataka moyo wake utulie. Hakukaripiwa, aliagizwa achukue ndege wanne. Wanazuoni, wakizitazama aya mbalimbali, wameeleza ngazi tatu za yakini: kujua kwa elimu, kujua kwa kushuhudia, na kujua kwa kuwa ndani ya jambo lenyewe. Mfano wao ni wa moto: yupo aliyeambiwa kuna moto, yupo aliyeuona, na yupo aliyeungua. Wafasiri wengi wanasema alichokiomba Ibrahimu ni kupanda kutoka ngazi ya kwanza kwenda ya pili.

Hadithi iliyopokewa na Imamu Muslim inaongeza jambo ambalo halihubiriwi vya kutosha. Masahaba walimwendea Mtume Muhammad wakamlalamikia kwamba mioyoni mwao hupita mawazo mazito mno, hata hawathubutu kuyatamka. Akawaambia kuwa hiyo ndiyo imani iliyo wazi. Wapo vijana wetu wanaokesha kwa hofu wakidhani wazo moja la shaka limekwisha kuwatoa katika dini. Natamani kila mwalimu wa madrasa aifundishe hadithi hiyo mapema, kabla hofu haijaota mizizi.

Upande wa Injili, wajua kwamba hakuna mstari unaosema Tomaso aliyagusa majeraha ya Yesu? Yohana sura ya 20 inaeleza kwamba alialikwa aguse, na kinachofuata papo hapo ni ungamo lake. Kidole ndani ya jeraha tumekipata kwa wachoraji, na hasa kwa Caravaggio wa Italia aliyechora mwanzoni mwa karne ya 17. Huyo tunayempachika jina la mwenye shaka, Wakristo wa Kerala nchini India wanamhesabu kuwa ndiye mtume aliyewapelekea Injili.

Je, wajua kwamba Imamu Ghazali, anayeheshimiwa misikitini kote katika pwani yetu, aliwahi kuzama katika shaka kwa karibu miezi miwili? Alizaliwa Tus, Uajemi, mwaka 1058. Katika kitabu alichosimulia safari ya nafsi yake, Al-Munqidh min al-Dalal, anaeleza kwamba alianza kwa kuyahoji macho. Kivuli kinaonekana kimesimama, kumbe kinasogea. Nyota inaonekana ndogo kama sarafu, kumbe hesabu za wanajimu zinaonyesha ni kubwa kuliko dunia. Ikiwa macho yalidanganya na akili ikayaumbua, nani ajuaye kama hakuna hakimu mwingine juu ya akili, ambaye angetokea angeiumbua nayo? Alitafuta hoja ya kumtoa humo asiipate, maana kila hoja hudai uanze na jambo ulilokwisha kulikubali, naye hakuwa amebaki na jambo hata moja. Anasema kilichomponya hakikuwa mpangilio wa maneno. Ilikuwa nuru ambayo Mungu aliitia kifuani mwake.

Na hayo hayakuwa mwisho. Mwaka 1095, akiwa mwalimu mashuhuri kuliko wote katika chuo cha Nizamiyya mjini Baghdad, ulimi ulimfunga darasani. Akawa hawezi kusomesha, chakula hakishuki, matabibu wakasalimu amri wakisema ugonjwa umetoka moyoni. Akaacha cheo, akagawa mali, akaondoka kwenda Damascus. Mimi humwamini zaidi mwalimu wa aina hii, kwa sababu anaijua njia yote, hata pale ilipokatika.

Hoja ya kuwapo kwa Mungu aliyoitetea Ghazali ni fupi: kila chenye mwanzo kina kilichokianzisha, ulimwengu una mwanzo, basi yupo aliyeuanzisha. Mwaka 1979 William Lane Craig, mwanafalsafa Mkristo wa Marekani, aliifufua katika kitabu kizima na kuiita kwa jina la elimu ya Kiislamu iliyoizaa, kalam. Leo inatajwa kwenye midahalo ya makanisa ya kiinjili duniani kote.

Umewahi kusikia kisa cha Hayy? Ibn Tufayl, tabibu na mwanafalsafa wa Andalusia aliyefariki mwaka 1185 mjini Marrakesh, aliandika masimulizi ya mtoto aliyelelewa na swala katika kisiwa kisicho na watu. Swala anapokufa, mtoto anampasua kifua kutafuta kile kilichomtoka. Kuanzia hapo anachunguza wanyama, mimea, moto na nyota, mpaka anafika, kwa akili tupu, kwenye yakini kwamba lazima yupo Muumba mmoja. Hana kitabu, hana mwalimu, hana hata lugha. Baadaye anatokea mcha Mungu kutoka kisiwa jirani, anamfundisha kusema, na wote wawili wanashangaa kuona wanakubaliana. Kisha wanakwenda kuwahubiria watu wa kisiwa kile, na watu wanachukizwa nao. Kitabu hicho kilitafsiriwa kwa Kilatini na kuchapishwa Oxford mwaka 1671, kikasomwa sana Ulaya.

Je, mtoto wa kweli angefika huko peke yake? Mtafiti Deborah Kelemen wa Marekani aliwauliza watoto wadogo kwa nini mawe mengine yana ncha, akakuta wanavutiwa na majibu ya kusudi, kwa mfano kwamba yana ncha ili wanyama wajikunie. Wapo wanaosema hapo ndipo inapoonekana kwamba binadamu ameumbwa amtafute Muumba wake. Wapo wanaosema ni mazoea ya ubongo tu, kuona kusudi hata pasipo na mwenye kusudi. Majaribio yale yanaeleza jinsi mtoto anavyofikiri. Hayaamui kama anafikiri sawa.

Wajua kwamba mojawapo ya hoja mashuhuri za kuthibitisha kuwapo kwa Mungu imeanza na mpumbavu wa Zaburi ya 14? Anselm, mtawa aliyekuja kuwa Askofu Mkuu wa Canterbury, aliiandika karibu mwaka 1078. Hata mpumbavu anayesema moyoni hakuna Mungu, alidai Anselm, anaelewa maana ya kitu ambacho hakiwezi kufikirika kikubwa zaidi yake. Kitu hicho kikiwa akilini tu, basi kinaweza kufikirika kikubwa kuliko hicho, yaani kile kile kikiwapo kweli. Kwa hiyo lazima kiwepo. Mtawa mwenzake, Gaunilo, akamjibu kwa niaba ya mpumbavu: nami nafikiria kisiwa ambacho hakina mfano kwa ubora, je, kwa kukifikiria tu kimeota baharini? Anselm aliandika majibu, kisha akaagiza kwamba kila atakayenakili kitabu chake anakili na pingamizi la Gaunilo. Ndiyo sababu tunalo hadi leo. Mtu huyu alikuwa na uhakika, na hakumnyima mpinzani wake karatasi.

Hoja hiyo iliibuka tena karne tisa baadaye mikononi mwa Kurt Gödel, mmoja wa wanamantiki wakubwa wa karne ya 20. Aliiandika upya kwa alama za hesabu, akamwonyesha mwenzake Dana Scott mwaka 1970, lakini hakuichapisha akiwa hai. Mwaka 2013 Christoph Benzmüller na Bruno Woltzenlogel Paleo waliipitisha kwenye programu za kompyuta zinazokagua mantiki. Kompyuta ilithibitisha kwamba katika sura aliyoirekebisha Scott, hitimisho linatoka kweli katika misingi iliyowekwa. Ikagundua pia jambo ambalo wasomi hawakuwa wameliona: misingi kama alivyoiandika Gödel mwenyewe inajipinga. Magazeti kadhaa yalitangaza kwamba kompyuta imethibitisha Mungu yupo, na hilo ni kosa kubwa. Kompyuta ilikagua njia kutoka kwenye misingi hadi kwenye hitimisho. Kama misingi yenyewe ni ya kweli, hilo halikuwa swali ililopewa.

Wajua kwamba Tomaso wa Akwino, mwenye zile njia tano za kumthibitisha Mungu, aliikataa hoja ya Anselm? Na kwamba mnamo Desemba 1273, baada ya jambo lililomfika akiwa kwenye Misa, aliacha kabisa kuandika, akisema kwamba yote aliyoyaandika anayaona ni makapi? Alifariki Machi 1274, na kitabu chake kikubwa hakikumalizika.

Blaise Pascal wa Ufaransa anajulikana kwa kutushauri tuhesabu faida na hasara: ukiamini na Mungu akawapo umepata yote, asipokuwapo hujapoteza kikubwa. Kinachosahaulika ni kwamba imani yake mwenyewe haikutoka kwenye hesabu hiyo. Usiku wa Novemba 23, 1654, kuanzia kama saa nne na nusu hadi saa sita na nusu, kuna jambo lilimfika. Aliliandika kwenye karatasi, akaishona karatasi hiyo ndani ya vazi lake, na hakuna aliyejua mpaka mtumishi alipoigundua baada ya kifo chake mwaka 1662.

Je, wajua kwamba tetemeko la ardhi la Lisbon lilitokea Novemba 1, 1755, sikukuu ya Watakatifu Wote, makanisa yakiwa yamejaa waumini? Maelfu walikufa. Mwandishi Mfaransa Voltaire alilichukua tukio hilo na kuwashambulia wote waliokuwa wakifundisha kwamba kila kitu duniani kimepangwa kwa uzuri usio na dosari. Voltaire mwenyewe hakuwa mkanamungu. Aliamini yupo Muumba. Alichokikataa ni faraja za haraka.

Sasa tuje kwetu, maana hapa pana kisa ninachokipenda kuliko vyote. Wajua kwamba Kabaka Mutesa I wa Buganda aliendesha barazani kwake, kwa miaka mingi, mabishano kuhusu Mungu, na kwamba Kiswahili kilikuwa lugha iliyowakutanisha wabishani? Uislamu ulimfikia kupitia wafanyabiashara Waarabu na Waswahili, akaupenda, akafunga Ramadhani kwa takriban miaka kumi na kuamuru misikiti ijengwe. Lakini hakutahiriwa, maana desturi ilikataza damu ya Kabaka kumwagika, na vijana Waislamu wa jumba lake walipokataa kula nyama iliyochinjwa na wasiotahiriwa, aliamuru wauawe. Mwaka 1875 alifika Henry Morton Stanley, akamweleza Ukristo, akaandika barua iliyochapishwa na gazeti la Daily Telegraph la London ikiomba wamisionari. Akamwachia Kabaka kijana aliyeitwa Dallington Muftaa, aliyesomea shule ya wamisionari Zanzibar, ili amsomee Maandiko.

Waanglikana walifika mwaka 1877, na Mskoti Alexander Mackay akawafuata mwaka 1878. Mwaka 1879 wakaja Wakatoliki, Padre Siméon Lourdel akiwa mstari wa mbele. Hapo baraza likawaka. Mackay anasoma Maandiko kwa Kiswahili, Lourdel anapinga, Waislamu wanawapinga wote wawili, naye Mutesa anauliza: kama Mungu ni mmoja, mbona wajumbe wake hawapatani? Leo anaelekea huku, kesho kule. Mwishoni mwa 1879 aliwageukia tena lubaale, miungu ya jadi ya Buganda. Oktoba 1884 akafariki, hakutahiriwa wala hakubatizwa.

Wanahistoria wengi wanamwona mwanasiasa aliyepima ni nani atakayempa bunduki za kuizuia Misri, iliyokuwa ikimnyemelea kutoka kaskazini. Sikatai. Ila bunduki haihitaji miaka tisa ya maswali. Naona humo mtu aliyetaka kujua, na aliyekuwa na ujasiri wa kutojua mbele ya watu wake.

Na waliokuwa wakisikiliza? Vijana wahudumu wa jumba la Kabaka walikaa nyuma wakiyadaka maneno. Kile ambacho mfalme hakukikata, wao walikikata. Chini ya mwanawe Mwanga, kati ya 1885 na 1887, Wakatoliki na Waanglikana waliuawa kwa kukataa kuikana imani yao, wengi wao wakichomwa Namugongo Juni 3, 1886, akiwamo Charles Lwanga. Papa Paulo VI aliwatangaza Wakatoliki 22 kuwa watakatifu mwaka 1964. Waislamu wa Uganda nao wana mashahidi wao, wale wa enzi za Mutesa, ambao hawatajwi sana. Nyumba moja, mabishano yale yale, na matokeo yametofautiana kiasi hicho.

Je, wajua kwamba kuhusu Mungu wa Waafrika kulikuwa na ugomvi mkali wa wasomi wetu wenyewe? John Mbiti, mzaliwa wa Kitui aliyefundisha Makerere, alichapisha mwaka 1969 kitabu cha dini na falsafa za Kiafrika, na mwaka uliofuata kingine kilichokusanya dhana za Mungu kutoka kwa karibu makabila 300. Alidai Waafrika walimjua Mungu mmoja mkuu kabla ya mmisionari yeyote, na kwamba hawakuhitaji kumthibitisha kwa hoja. Okot p'Bitek wa Uganda, mshairi na mtafiti, alimjibu kwa ukali: wasomi kama hao, alisema, wameivika miungu ya Afrika kanzu ya Kigiriki ili ifanane na Mungu wa Wazungu. Mbiti alikuwa kasisi wa Kianglikana. P'Bitek aliiacha imani ya Kikristo aliyolelewa nayo. Kila mmoja aliona Afrika kwa macho yaliyokwisha kuamua, nadhani, na bado vitabu vya wote wawili havina budi kusomwa pamoja.

Wajua kwamba aliyeweka msingi wa nadharia ya kwamba ulimwengu ulianza kwa mlipuko na kutanuka alikuwa padri? Georges Lemaître wa Ubelgiji alieleza kutanuka kwa ulimwengu mwaka 1927. Mwaka 1951 Papa Pius XII alipoipokea nadharia hiyo kana kwamba ni ushahidi wa uumbaji, Lemaître hakufurahi. Alitaka fizikia isitumike kumtetea Mungu wala kumpinga.

Wajua kwamba Charles Darwin alisomea kuwa kasisi Cambridge, na kwamba mwaka 1879 aliandika kuwa hata katika kuyumba kwake kukubwa hakuwahi kuwa mkanamungu? Kifo cha binti yake Annie mwaka 1851, akiwa na umri wa miaka kumi, kilimuumiza kuliko hoja yoyote.

Na Yuri Gagarin, mwanaanga wa Kisovieti? Yale maneno kwamba alifika angani asimwone Mungu hayamo katika kumbukumbu za mazungumzo ya safari yake ya Aprili 12, 1961. Ukanamungu wa serikali ya Kisovieti ulitafuta mdomo wa kuusemea.

Serikali hiyo, wajua ilifanya nini mwaka 1937? Iliweka swali la dini kwenye sensa, ikitarajia kutangaza ushindi. Ulikuwa mwaka wa watu kukamatwa usiku na kupigwa risasi. Hata hivyo, zaidi ya nusu ya watu wazima walijibu kwamba wanaamini. Stalin aliyafungia matokeo, na maofisa wa takwimu wakakamatwa, baadhi waliuawa. Mtu anayejibu ndiyo kwenye fomu kama hiyo, akijua jina lake limeandikwa juu yake, ametoa ushahidi ambao hojaji za siku hizi haziwezi kuupata.

Maana hojaji zina matatizo yake. Tom W. Smith wa Chuo Kikuu cha Chicago alichapisha mwaka 2012 ulinganisho wa nchi 30. Waliosema wanajua Mungu yupo na hawana shaka yoyote walikuwa karibu asilimia 84 Ufilipino, na karibu asilimia 4 tu Japani. Katika eneo lililokuwa Ujerumani Mashariki zaidi ya nusu walisema hawamwamini. Umri ulikuwa na nguvu kubwa: kwa wastani asilimia 43 ya wenye miaka 68 na zaidi walikuwa na uhakika, dhidi ya asilimia 23 ya wenye miaka 27 na chini. Nchini Marekani, shirika la Pew lilikuta waliokuwa na uhakika kamili wameshuka kutoka asilimia 71 mwaka 2007 hadi 63 mwaka 2014. Na katika Wamarekani waliojiita wakanamungu mwaka huo wa 2014, asilimia 8 walisema wanamwamini Mungu au roho fulani ya ulimwengu. Mwaka 2018 Will Gervais na Maxine Najle walitumia mbinu ya kuuliza isiyomlazimu mtu kujifichua, wakakadiria kwamba wasiomwamini Mungu huko Marekani huenda ni asilimia 26, wengi mno kuliko wanaokiri hadharani. Wapo basi wanaosema wanaamini na hawaamini, na wapo wanaosema hawaamini na wanaamini.

Kwetu tatizo lina sura nyingine. Utafiti wa Pew wa mwaka 2010 uliwahoji zaidi ya watu 25,000 katika nchi 19 za Afrika. Dini ilikuwa na uzito mkubwa karibu kila mahali. Lakini Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi nne, pamoja na Mali, Senegal na Afrika Kusini, ambako zaidi ya nusu walisema sadaka kwa mizimu au mababu zinaweza kuwakinga na mabaya. Kusema kweli, uhakika kwamba Mungu yupo haujawa uhakika kwamba anatosha, na viongozi wetu wa dini wangefanya vyema kulizungumza hilo bila kutisha watu.

Wajua kwamba sala imewahi kupimwa hospitalini? Herbert Benson na wenzake walichapisha mwaka 2006 matokeo ya wagonjwa 1,802 wa upasuaji wa moyo. Walioombewa bila kuwa na hakika kama wanaombewa walipata matatizo kwa asilimia 52. Wasioombewa, asilimia 51. Walioambiwa wazi kwamba wanaombewa walipata kwa asilimia 59. Watafiti walidhani huenda waliingiwa na wasiwasi: hali yangu ni mbaya kiasi gani hata niitiwe waombaji?

Wapo waliojaribu kumhesabia Mungu asilimia. Stephen Unwin, mwanafizikia, alitumia mwaka 2003 kanuni ya uwezekano ya Thomas Bayes, ambaye naye alikuwa mchungaji, akapata asilimia 67. Richard Dawkins, mpinzani mkubwa wa dini, alitunga mwaka 2006 kipimo cha 1 hadi 7, ambapo 7 ni uhakika kamili kwamba hakuna Mungu. Mwenyewe alijiweka kwenye 6, na baadaye akasema 6.9. Hakujipa 7. Antony Flew, aliyeongoza hoja za wakanamungu wa Uingereza kwa nusu karne, alitangaza mwaka 2004, akiwa na umri wa miaka 81, kwamba sasa anakubali yupo aliyeuanzisha ulimwengu. Hakujiunga na dini yoyote.

Na Mama Teresa wa Calcutta? Barua zake zilizochapishwa mwaka 2007 zilionyesha kwamba kwa karibu miaka 50 hakuhisi kuwapo kwa Mungu. Aliamka alfajiri, akasali, akaosha vidonda vya wanaokufa, na ndani akaona giza. Aliyezihariri barua hizo, Padre Brian Kolodiejchuk, ndiye aliyesimamia mchakato wa kumtangaza mtakatifu. Hakuzificha, aliona ni sehemu ya utakatifu wake. Mama Teresa alitangazwa mtakatifu mwaka 2016.

Elie Wiesel, aliyenusurika Auschwitz, alisimulia kwamba ndani ya kambi ile aliwaona wanazuoni wa Kiyahudi wakimfungulia Mungu mashtaka, wakasikiliza pande zote, wakamtia hatiani. Kisha wakasimama kusali sala ya jioni. Sijui kisa kinachobeba imani na hasira kwa pamoja kama hiki.

Wajua kwamba riwaya ya Kiswahili nayo imeingia humu? Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, Tanzania, aliandika Nagona (1990) na Mzingile (1991), vitabu vigumu vinavyomtafuta Mungu katika ulimwengu uliobomoka. William Mkufya akafuata na Ziraili na Zirani (1999), inayompeleka mkanamungu ng'ambo ya kifo. Nchi inayodhaniwa haina wenye shaka imeandika haya kwa lugha yake, na yanastahili kusomwa zaidi ya pale darasani.

Je, wajua kwamba Katiba ya Tanzania, ibara ya 3, inasema nchi haina dini, na kwamba Mwalimu Nyerere, aliyeushikilia msimamo huo, yumo katika mchakato wa kutangazwa mwenye heri na Kanisa Katoliki? Na kwamba baada ya ile ya mwaka 1967, sensa ya Tanzania haiulizi dini? Kenya inauliza. Utangulizi wa Katiba yake ya 2010 unamkiri Mwenyezi Mungu, lakini rais wake anaruhusiwa kuapa au kuthibitisha tu, bila kumtaja. Mwaka 2016 chama cha wakanamungu cha Kenya kilisajiliwa, usajili ukasitishwa mwaka huo huo, na mwaka 2021 katibu wake alijiuzulu akieleza kwamba amempata Yesu.

Katika sensa ya Kenya ya 2019, watu 755,750 waliandikwa katika kundi la wasio na dini au wakanamungu, kama asilimia 1.6 ya nchi. Kasoro imo kwenye jina lenyewe la kundi: limewafunga pamoja anayesali peke yake bila kanisa wala msikiti, na anayeona hakuna wa kusaliwa. Upande wa pili, zaidi ya asilimia 85 wameandikwa Wakristo na karibu 11 Waislamu, bila njia ya kumtofautisha mwenye yakini na anayejikaza. Kwa mpangilio wa kila miaka kumi, sensa inayofuata ni ya 2029. Kuna muda wa kutosha wa kuligawa kundi lile, na wa kuongeza swali moja kwenye utafiti wa sampuli: unaamini kwa uhakika kiasi gani?